Mapooza ya Mama Mkwe

Jina lake sitalitaja. Si kwamba nalificha, la, sijawahi kulitamka. Kwetu Ukambani mtu halitaji jina la mama wa mke wake, hali naye sahani moja, haingii jikoni mwake, na wakikutana njiani mmoja wao hupinda akapita kando kwenye majani. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Vijana wa siku hizi wanaicheka, wanakumbatiana na wakwe zao harusini mbele ya mpiga picha. Mimi nilioa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mama mkwe wangu alikuwa mwanamke wa kushika mambo. Akishika ameshika. Kwa hiyo humu ndani yeye ni mama mkwe tu, na anayetaka jina akaulize kijijini kwake, Kanyangi.

Mimi nilikuwa mtu wa reli. Kituo changu kilikuwa Emali, kazi yangu kugeuza njia za treni na kutoa ishara, na nyumba yangu ilikuwa moja ya zile nyumba za reli zilizopangwa mstari, na nyuma yake kipande cha bustani kisichotosha hata kufunga mbuzi. Mke wangu aliitwa Mwende. Yeye naweza kumtaja. Kutoka Emali hadi kwa mama yake Kanyangi ilikuwa safari ya kumaliza siku, unazunguka na kubadilisha magari, na ukifika vumbi limekupaka mvi. Nilikwenda kila nilipopata likizo, kwa sababu nisingeonekana ningesemwa.

Tulikuwa tunaongea kupitia kuku. Najua inavyosikika. Ilianza katika mojawapo ya safari za mwanzo: nimekaa nje kwenye kigoda, nimeupa mlango wa jikoni mgongo, Mwende ameenda mtoni, na hakuna mtu wa kupeleka maneno. Basi nikasikia sauti kutoka ndani.

"Wee kuku, mwambie huyo mtu wa reli chai iko kwa mlango. Asingoje mpaka ipoe."

Nikageuka. Kulikuwa na kuku mmoja wa madoadoa anachakura karibu na mguu wangu, na kikombe kimewekwa kizingitini. Nikamwambia kuku, "Mwambie mama asante."

Nikasikia kicheko kidogo jikoni, kikakatwa haraka. Kuanzia siku hiyo kuku akawa karani wetu. Yule wa madoadoa alichukuliwa na mwewe, akaja mwekundu, kisha mwingine asiye na mkia, lakini kazi haikubadilika. Kupitia kwao niliambiwa habari za mvua, nikaulizwa kama treni inachoka, nikagombezwa kwa kumwacha Mwende abebe mzigo mzito. Mwende alikuwa akirudi akitukuta hivyo, anajishika mbavu. "Nyinyi wawili mtakuja kumlipa huyo kuku mshahara," alisema.

Mchungaji alijaribu kumtoa mama mkwe katika mambo hayo. Kanisa lao lilikuwa la wokovu, na yeye alikuwa mzee wa akina mama pale. Aliacha ngoma, waganga na pombe ya miwa kwa siku moja na hakutazama nyuma. Lakini nthoni hakuiacha. Mchungaji akamwambia, mama, hata Petro alikuwa na mama mkwe, na Bwana akaenda nyumbani akamponya. Mama mkwe akamjibu, "Nimesoma. Imeandikwa aliinuka akawahudumia. Haikuandikwa waliongea." Mchungaji akaomba maji ya kunywa. Mwanamke huyo huyo aliyeijua Biblia hivyo alikuwa akilala kila Jumapili mara tu mahubiri yanapoanza, kidevu kifuani, na kuamka kwenye amina, na mtu yeyote aliyecheka alikabidhiwa kufagia kanisa.

Alikuwa mchoyo na mkarimu kwa siku moja. Angekuzuia usimwage maji uliyonawia mikono, kwa sababu maji hayo yana kwao, yanakwenda bustanini. Halafu angempa mpita njia asiyemjua mahindi matatu na kumsindikiza mpaka kwenye njia panda. Alichukia watu wanaojilalamikia. Mtu akianza kueleza ugonjwa wake alimkatiza: "Umekula?" Kama amekula, maongezi yamekwisha.

Lakini nilitaka kueleza bustani. Shamba lake lilikuwa la chakula: mahindi ya kukauka, ya kutwangwa yawe muthokoi, ya kusagwa, ya kuwekwa ghalani. Bustani ya nyuma ya jikoni ilikuwa kitu kingine. Ilizungushiwa miiba, ilinyweshwa maji ya vyombo, na ndani yake palipandwa mahindi ya kula mabichi peke yake, ya kuchoma na ya kuchemsha. Alichagua mbegu ya kuingia humo kama watu wanavyomchagulia kifungua mimba mke. Alitaka moja tu, iliyo tamu kuliko zote, na kila mwaka aliwasikiliza wagombea.

Kinyanya, mbegu yetu ya kienyeji, alisema ni fupi lakini haina maringo, inakomaa mvua ikiwa bado inafikiria kuondoka. Kasoro yake ni kwamba ukichelewa siku mbili imegeuka mawe. Katumani ilikuwa ya kufanya kazi, si ya kuimba, kwa hiyo nafasi yake ni shambani. Haibridi ya dukani ilikuwa ndefu bure, inangojea mvua ya watu wengine. Mwanamke mmoja wa Nuu waliyekutana naye kwenye mkutano wa kanisa alimpa punje nyeupe zenye mistari myekundu, nazo zilitawala bustani misimu kadhaa kwa sababu zilinukia vizuri kwenye makaa.

Jaribio lake lilikuwa hivi. Anafungua ganda kidogo, anabonyeza punje kwa ukucha mpaka itoe maziwa, kisha anaing'ata mbichi na kufumba macho yote mawili. Akifumbua jicho moja, mbegu hiyo imeanguka. Na hindi la kuchemsha halikuvunjwa kabla maji hayajachemka. Ulitumwa ukimbie nalo kutoka bustanini, na ukisimama kusalimia mtu utamu unakwisha njiani na unajua utasemwa kwa kuku. Hindi jeupe likitokea na punje za zambarau alilaumu shamba la jirani. "Mahindi hayana nthoni," alisema. "Yanalala na jirani juu ya ua, mchana, watu wakiona."

Sasa, miaka ya sabini ikielekea mwisho, mpishi mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwa Mzungu wa ranchi, upande wa Loitokitok, alipita kituoni kwetu na mizigo ya tajiri wake aliyekuwa anahama nchi. Akaniachia pakiti ya mbegu yenye picha ya hindi la njano. "Usisage, utajuta," akaniambia. "Haya ni ya kula mabichi." Nikapanda nusu nyuma ya nyumba. Mwende alikula la kwanza amesimama pale pale, halijaguswa na moto, maji yake yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Hii ni sukari imeota majani," akasema. Akala la pili. Kisha akasema, "Lazima mama apande."

Nusu ya pakiti iliyobaki tukaipeleka Kanyangi. Mama mkwe aliimwaga kwenye uteo mlangoni. Mbegu zile zilikuwa zimekunjamana, nyembamba, kama shavu la ajuza. Kwetu punje ya namna hiyo ni pooza, kitu kilichosinyaa kabla ya kukomaa, kisicho na kitu ndani. Hata mtu aliyekufa ganzi mwilini tunasema amepooza.

"Wee kuku," akasema, "huyu mtu ametoka Emali na mapooza. Ama alikuwa anakuletea wewe?" Halafu, baada ya kitambo, "Tena ya njano!"

Njano kwake ilikuwa rangi ya njaa. Miaka ya sitini, ukame ulipokaza, serikali ilileta mahindi ya njano ya msaada, na watu wa rika lake waliapa kutoyaonja tena. Mwende alimbembeleza siku nzima. Akapanda, kwa sababu Mwende alikuwa binti yake wa pekee na alikuwa hajui kumnyima, ingawa angekataa ukimwambia hivyo.

Siku ya jaribio nilikuwepo, nimekaa nje na mgongo wangu. Mwende alinisimulia kilichotokea jikoni kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Amebonyeza. Maziwa yametoka. Amefumba macho. Bado amefumba. Bado! Hakufumbua hata moja, akamaliza hindi zima hivyo hivyo, kisha akasema taratibu, "Hili ni hindi la leo. Kesho halina." Maana yake halitwangwi, halisagwi, haliwekwi ghalani; lakini leo, siku lilipovunjwa, hakuna lingine kama hilo. Zile za mistari myekundu za Nuu zikahamishiwa shambani wiki hiyo hiyo.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na lilikuwa kosa la mtu anayejua kazi yake. Mahindi aliyoyaacha yakauke kwa mbegu yalikuwa mchanganyiko. Punje nyingi zilisinyaa kama wazazi wao, lakini hapa na pale, kwenye gunzi lile lile, palikuwa na punje nono, za mviringo, zilizojaa. Mama mkwe alifurahi mpaka akasahau kukaa upande wake wa mlango. Niliona mkono wake.

"Wee kuku, mwambie mtu wa reli mbegu yake ilikuwa mgonjwa. Sasa inapona. Udongo wa Kanyangi umeiponya."

Akafanya jambo ambalo kila mwanamke wa Ukambani hufanya. Alichagua zile nono, akaziweka juu ya meko zipate moshi zisiliwe na wadudu, na mapooza akawatupia kuku. Hata mimi ningefanya vivyo hivyo. Ni nani anapanda mbegu iliyokunjamana akiwa na iliyojaa?

Mwende aliwahi mapooza kadhaa kabla kuku hawajayamaliza. Alikuwa akimtengenezea binti yetu Mumbua kitu cha kutikisa Sande skuli, wakati wa nyimbo. Akatia punje kwenye mkebe mtupu wa kakao, akafunga kifuniko, akakizungushia nta ya mshumaa kisifunguke. Mumbua aliutikisa mkebe ule siku mbili mfululizo mpaka nikatoka nikaenda kutembea.

Msimu wa pili mahindi yalikuwa matamu bado, lakini si sana. Mwende alisema labda ni mvua. Mwaka uliofuata alikwenda kwa mama yake kungojea mtoto wetu wa pili. Mtoto hakuishi, na Mwende naye akaondoka siku ile ile.

Habari ilinifikia kwa simu ya kituo. Aliyepokea aliniita ofisini akanieleza, nikamwambia nimesikia. Kulikuwa na treni ya mizigo inakaribia kutoka upande wa Sultan Hamud. Nikatoka nikaipa njia, ikapita, nikarudisha ishara mahali pake. Kisha nikaenda nyumbani nikapaka viatu rangi. Tulimzika kwetu, upande wa Makueni, mama mkwe amesimama ng'ambo ya kaburi, mimi huku, na ile ndiyo mara ya kwanza tulitazamana uso kwa uso. Alikuwa analia kwa sauti. Mimi nilikuwa natazama udongo, ni mwekundu, una mawe madogo. Sikuhisi kitu. Watu husema huzuni ni nzito. Yangu haikuwa na uzito wowote. Nilikula nilipoambiwa nile, nikarudi kazini nilipoambiwa nirudi.

Mumbua akachukuliwa na bibi yake, ambaye kwetu mtoto humwita susu. Nilipokwenda kuwaona mara ya kwanza baada ya mazishi nilikaa kwenye kigoda changu, nikanywa chai yangu. Jikoni mama mkwe alikuwa akipukuchua mahindi. Kuku asiye na mkia alikuwa mlangoni, anaokota yaliyoanguka.

"Wee kuku," akasema, "mtu huyu amepooza. Mke amezikwa, na hata chozi hana."

Hakusema "mwambie". Alikuwa anamwambia kuku mwenyewe. Nilisikia kila neno. Nilijua ni neno la kuumiza, lakini halikunifika popote. Nikamaliza chai, nikaweka kikombe kizingitini.

Baada ya hapo alianza vita vyake. Mumbua alikuwa mdogo, na sura ya mama yake ilikuwa inamtoka. Aliniuliza siku moja kama mama alikuwa na mwanya au hakuwa nao, na ilinibidi nifikiri. Mama mkwe naye aliliona hilo. Akaamua kwamba kuna kitu kimoja ambacho mtoto huyu hatakikosa, nacho ni ladha ya lile hindi, kama Mwende alivyolila Emali amesimama, juisi ikimfika kiwikoni. Mumbua alinieleza kwa maneno yake: "Susu anasema atapanda hilo la mama mpaka lirudi."

Alipanda kila msimu. Aliweka samadi ya mbuzi, akaweka majivu, akahamisha bustani kutoka nyuma ya jikoni hadi ubavuni, akairudisha. Aligombana na jirani kuhusu upepo. Na kila msimu alichagua mbegu kwa ukali kuliko uliopita, nono kabisa, zile za katikati ya gunzi, punje ambazo ungeweza kuzionyesha kwenye maonyesho ya kilimo ukarudi na kikombe. Mapooza yakaenda kwa kuku, yakipungua mwaka hadi mwaka. Mbegu ilizidi kupendeza, na utamu ulizidi kuondoka.

Nilipokwenda aliniletea mahindi ya kuchemsha kwenye sinia. Nilitafuna. Yalikuwa mahindi tu, magumu kidogo, unga unga mdomoni. Mara moja moja, katikati ya kutafuna, punje moja ilipasuka tamu kabisa, ile yenyewe, halafu basi, imekwisha, na hujui ilikuwa ya upande gani wa hindi.

"Wee kuku, muulize kama ni tamu."

"Mwambie mama ni tamu."

Mumbua aliniambia baadaye kwamba susu naye alikuwa ameonja, amefumba macho, na alikuwa amefumbua jicho moja zamani.

Halafu ukaja ule ukame wa miaka ya themanini, ambao watu walikuwa na pesa mfukoni na hakuna cha kununua. Mabehewa ya mahindi ya njano ya msaada yalipita mbele yangu Emali mchana na usiku, niliyageuzia njia kwa mikono yangu. Nilipeleka gunia Kanyangi. Mama mkwe alilipokea bila neno juu ya rangi. Mbegu zote nono zilizokuwa juu ya meko zilikuwa zimekwisha kupikwa, pamoja na zile za shambani, pamoja na za jirani aliyekuwa akigombana naye. Kuku nao walikuwa wamekwisha, kasoro mmoja.

Safari hiyo nililetewa sahani yenye firigisi katikati, kipande cha heshima cha mkwe. Nikatazama uani. Hapakuwa na kuku.

Sikujua nimwambie nani asante. Nikala. Mumbua akasema tutumie paka, na kutoka ndani nikasikia mama mkwe akimwambia mtoto kwamba paka haaminiki. Basi tukanyamaza. Nilikuja, nikakaa, nikala, nikaondoka, na hakuna neno lililopita mlango ule. Nilidhani litaniuma, lakini nalo nikalizoea.

Mvua iliporudi nilikuwa nimehamishwa, nikapelekwa vituo vya mbali, upande wa ziwa. Nilikaa huko miaka. Mumbua alikuja likizo, akaenda sekondari ya bweni, akamaliza, akaajiriwa kufundisha chekechea. Kuhusu bustani sikuuliza, naye hakusema. Kisha reli ikaanza kupunguza watu, miaka ya tisini, nikawa mmoja wao, nikarudi nyumbani Makueni na kofia yangu ya kazi ambayo sikujua nifanye nayo nini. Siku moja Mumbua akaja akasimama mlangoni.

"Baba, susu anakuita."

"Ananiita mimi?"

"Amesema uje mahindi yakiwa na maziwa. Yaani wiki hii."

Tangu nimuoe binti yake hakuwahi kuniita. Nilidhani anakufa. Nilipofika Kanyangi nilikaa pale kigoda kilipokuwa kikikaa, nikaupa mlango mgongo, nikangoja. Jua lilikuwa kali. Uani hapakuwa na kuku hata mmoja. Baada ya njaa ile hakufuga tena.

"Utaungua hapo nje," sauti ikasema. "Ingia."

Nikatazama kulia na kushoto, kwa mazoea, nione anamwambia nani.

"Ni wewe. Ingia."

Niliinama nikaingia jikoni mwa mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekuwa mdogo. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe, alinitazama begani akidhani ni usoni. Maji yalikuwa yanachemka. Akamwambia Mumbua, "Kimbia," na Mumbua, mwalimu mzima mwenye viatu vya kisigino, akavivua akakimbia bustanini, akarudi na mahindi mkononi akihema, yakatumbukizwa. Tulingoja yaive. Kisha nikapewa langu.

Lilikuwa la njano. Nikang'ata.

Nitaeleza kwa kifupi kwa sababu sijui kulieleza kwa urefu. Lilikuwa lile. Si punje moja moja, hindi zima, mstari kwa mstari, maji yake yakanishuka kidevuni na mkononi, na nikamwona Mwende amesimama nyuma ya nyumba ya reli, kiwiko kimelowa, anacheka, ana mwanya. Nikasikia uchungu. Ulikuja kifuani kwa nguvu mpaka nikashika nguzo ya jikoni. Miaka yote hiyo ulikuwa wapi sijui.

"Ni tamu?" mama mkwe akauliza.

"Ni tamu, mama."

"Ulikuwa unasema hivyo kila mwaka."

"Nilikuwa namwambia kuku."

Akacheka, na safari hii hakukikata kicheko. Akaniambia ilivyokuwa. Baada ya njaa mbegu ya msaada ilifika, ikaenda shambani, bustani ikabaki tupu. Alikuwa na mkebe ule wa Mumbua, ule wa kutikisa, wenye nta ya Mwende. Aliuweka mapajani siku kadhaa kabla ya kuufungua, kwa sababu ulifungwa na mkono wa Mwende na ukishafunguliwa umefunguliwa. Ndani yalikuwa yale mapooza ya mavuno ya kwanza. Alipanda yote. Mengi hayakuota. Machache yaliota, na alipoonja alifumba macho yote mawili, akalia hapo hapo bustanini. Kutoka mavuno hayo alipanda nono upande mmoja na mapooza upande wa pili, ahakikishe. Mapooza yakazaa sukari. Zile nono, alisema, zilikuwa watoto wa jirani.

"Miaka yote nilidhani zinapona," akasema. "Kumbe nilikuwa napanda za jirani, na za Mwende nawapa kuku."

"Mumbua amekula?" nikauliza.

"Mumbua alikula la kwanza. Nilimnyamazisha asikuambie. Nilitaka kwanza yatoshe, na wewe urudi huku, nisije nikakuita kwa hindi moja."

Mumbua alikuwa ameupa uso wake ukuta, mabega yanamtikisika.

Mama mkwe akavuta uteo wa mahindi makavu ya msimu uliopita, akaanza kuchagua mbegu. Hakuhitaji macho. Punje laini, iliyojaa, ilikwenda kwenye sufuria ya kupikwa; iliyokunjamana aliisugua kwa kidole gumba, akaitia kwenye mkebe wa kakao, ule ule, umeota kutu ukingoni. Aliendelea hivyo kitambo. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Ile siku nilimwambia kuku umepooza. Ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

Vidole vyake vikasimama.

"Siku hizo," akasema, "mapooza yote nilikuwa natupa."

Akausukuma uteo mpaka ukagusa goti langu. Nikatia mkono, tukachagua.